Guangzhou wasiyoiona wafuata mzigo

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh akikuambia anaijua Guangzhou, hasemi uongo. Anajua soko la viatu liko wapi, anajua wakala gani amebakiwa na nafasi kwenye kontena, anajua kushusha bei ya jumla kwa kubonyeza kikokotoo bila kutamka neno. Sasa muulize alikula nini. Atakutajia kuku na wali wa mtaa wa Xiaobei, tambi za Waislamu jirani na hoteli aliyofikia, na siku za pilikapilika biskuti na chai ya kuchovya chumbani. Amekaa wiki mbili katika mji ambao Wachina wa mikoa mingine, pamoja na kujivunia mapishi yao, wanakubali kwamba ndiko mtu aende akitaka kula, na ameondoka bila kukaa mezani hata asubuhi moja.

Simlaumu. Tiketi ni ghali, viza ina tarehe yake, na mwenye kontena hangoji mtu. Lakini katika mji huu wa watu karibu milioni 18.7, kwa hesabu ya sensa ya 2020, kuna njia moja ya treni ya chini ya ardhi inayopita kwenye meza zake za kila aina kwa nauli ya yuani chache. Ni Njia namba 1, ya kwanza kujengwa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1997. Wafuata mzigo hupanda namba 5, kwa kuwa ndiyo yenye kituo cha Xiaobei. Safari ya makala haya ni ya namba 1.

Shuka Changshou Lu kabla ya saa mbili asubuhi. Hapo uko Xiguan, upande wa magharibi wa mji mkongwe, ambako walijenga wafanyabiashara waliotajirika enzi ambazo merikebu za Wazungu ziliruhusiwa kufanya biashara Guangzhou peke yake katika China nzima, kuanzia 1757 hadi 1842. Mwendo mfupi kutoka kituoni, Mtaa wa Dishifu una Taotaoju, nyumba ya chai iliyofunguliwa mwaka 1880, na Lianxianglou ya mwaka 1889, iliyojipatia sifa kwa keki zenye mbegu za yungiyungi zilizosagwa laini. Mbele kidogo, Mtaa wa Wenchang, iko Guangzhou Jiujia ya mwaka 1935. Kwa nje utadhani ni kumbi za harusi: ghorofa kadhaa, taa nyekundu, madirisha ya vioo vya rangi. Lu Xun, mwandishi anayeheshimiwa kuliko wote katika fasihi mpya ya China, alifundisha Guangzhou mwaka 1927, na Taotaoju ni mojawapo ya nyumba alizoingia kunywa chai.

Watu huja hapa kwa yam cha, chai ya asubuhi. Saa moja na nusu meza nyingi zimeshakaliwa na wastaafu. Huyu yuko na gazeti, wale wanne wako na habari za mtaa, bibi yule yuko na mjukuu anayetakiwa kufikishwa shule. Mzee wa Guangzhou anayekuja kila siku hahitaji karamu. Desturi ya zamani ni birika moja na visahani viwili, na kwa hivyo viwili mtu anaweza kukaa mpaka karibu na adhuhuri.

Mambo yana mpangilio wake. Kwanza huagizwa chai, chakula baadaye. Mhudumu atauliza unataka ipi: pu'er nyeusi inayonukia udongo wa mvua, ambayo wazee huipenda kwa imani kwamba inayeyusha mafuta tumboni, tieguanyin, iliyo kati ya kijani na nyeusi, au maua ya krisanthemu kwa asiyetaka kitu kikali. Kila aliyeketi hutozwa ada ya chai, anywe asinywe. Chai ya kwanza haiendi kinywani. Wenyeji humiminia vikombe, vibakuli na vijiti, wakavisuuza hapohapo, na maji yakamwagwa kwenye bakuli kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo. Vyombo vilishaoshwa jikoni, kila mtu anajua, na bado kila mtu anasuuza. Mgeni asiyesuuza hafukuzwi, ila atatazamwa.

Ukimiminiwa chai na mwenzako, kunja vidole viwili na ugonge meza kidogo. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, wa karne ya 18, alipokuwa akitembea mitaani kwa kujificha, alimmiminia chai mtumishi wake. Mtumishi alipaswa kupiga magoti, lakini angepiga magoti siri ingefichuka, kwa hiyo akapigisha magoti vidole vyake. Kama kisa ni cha kweli au cha kutungwa hakuna anayejisumbua. Kwa kazi yake hasa, kugonga meza kunakuwezesha kushukuru mdomo ukiwa umejaa. Birika likikauka usiite mtu. Legeza kifuniko kikae upande, na maji ya moto yatakuja.

Chakula huja kwenye vikapu vidogo vya mianzi vilivyotoka kwenye mvuke, viwili vitatu kwa mpigo. Bei zimepangwa kwa madaraja: visahani vidogo, vya kati, vikubwa na maalumu, na karatasi yako huwekwa alama kila kikapu kinapotua. Ile mikokoteni ya kuzungusha vyakula ukumbini, ambayo watalii huiulizia, imekuwa adimu. Siku hizi unaweka tiki kwenye orodha au unaagiza kwa simu. Kuna har gow, kifuko cha kamba chenye ngozi nyembamba inayoonyesha wekundu wa ndani. Fundi wa jiko hupimwa kwa ngozi hiyo, kwani ikiwa nzito inanata menoni na ikiwa nyepesi mno inapasuka kwenye vijiti. Kuna cheung fun, uji mwepesi wa unga wa mchele unaomwagwa kwenye trei, ukaiva kwa mvuke kwa dakika moja au mbili, ukakwanguliwa kama shuka linalokunjwa, kisha ukanyunyiziwa sosi ya soya. Na kuna miguu ya kuku.

Hapa naomba msomaji wa Dar es Salaam atulie. Miguu ya kuku unaifahamu: iko kwenye karai la mama wa jioni, pamoja na vichwa na shingo, kitoweo cha ambaye hela ya paja haijatimia. Guangzhou imeufanyia mguu huo kazi ambayo paja halijawahi kufanyiwa. Kucha hukatwa, mguu huchemshwa, hukaangwa kwenye mafuta mengi hadi ngozi ivimbe, hutiwa kwenye maji baridi ngozi ijikunje, huchemshwa tena taratibu na viungo, na mwisho huingia kwenye mvuke pamoja na maharage meusi yaliyochachushwa na pilipili kidogo. Unapofika mezani hauhitaji meno. Unauingiza wote mdomoni, ulimi unafanya kazi, na vifupa vinatoka kimoja kimoja na kulazwa kwenye kisahani. Mahitaji ni makubwa kiasi kwamba kuku wa China hawatoshi. Nchi hiyo huagiza miguu kwa meli kutoka Brazil na Marekani. Kwangu mimi hicho ndicho kikapu cha kwanza kuagiza, na asiyekitaka anibakishie.

Asidhani mtu kwamba ukale huu ni wa bure. Mwenye Guangzhou Jiujia ni kampuni iliyoingia Soko la Hisa la Shanghai mwaka 2017, sehemu kubwa ya pato lake hutokana na keki za sikukuu ya mwezi zinazotoka kiwandani, na mwaka 2019 iliinunua pia kampuni ya Taotaoju. Jumamosi na Jumapili utachukua namba na kusubiri mlangoni na familia nzima nzima. Nenda Jumanne.

Kuna jambo ambalo vitabu vya watalii hulipitia juujuu na msomaji Mwislamu hawezi kulipitia juujuu. Katika nyumba za chai za kawaida nguruwe yuko karibu kila mahali, hata usipomwona. Siu mai, vile vifuko vilivyo wazi juu, kwa kawaida huwa na nguruwe na kamba pamoja. Keki ya figili hutiwa soseji. Har gow niliyoisifu huongezewa mafuta ya nguruwe ili ndani isikauke, na unga wa vitobosha vya mayai mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayohayo. Kuuliza kama kuna nyama hakutakusaidia, maana mafuta kwao hayahesabiwi kuwa nyama. Kwa mwenye kuchunga, nyumba ya chai isiyo na alama ya halali ni mahali pa kunywa chai tu na kutazama watu.

Rudi basi kwenye treni. Vituo viwili kuelekea mashariki kuna Ximenkou, na karibu yake Msikiti wa Huaisheng, mmojawapo wa misikiti mikongwe kabisa China, wenye mnara mweupe wa duara unaopanda mita 36 hivi. Zamani, mto ulipokuwa karibu zaidi na mji, mnara huo ulisaidia mabaharia pia. Mapokeo ya Waislamu wa hapa yanasema dini ililetwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, na kaburi linalotajwa kuwa lake liko kwenye Msikiti wa Xianxian kaskazini mwa mji. Wanahistoria hawaafiki kuhusu kaburi, lakini Ijumaa hiyo si hoja. Watu hufurika, Wahui, Wauighuri, Waarabu, Waafrika, na kwa miaka mingi wauzaji wamekuwa wakijipanga nje na mishikaki ya kondoo iliyopakwa bizari nyembamba na mikate mikubwa ya duara.

Chakula cha halali cha kila siku, hata hivyo, hakisubiri Ijumaa. Tafuta kibao cha kijani chenye alama mbili za Kichina zinazosomeka qingzhen, pamoja na maandishi ya Kiarabu. Mara tisa kati ya kumi itakuwa duka la tambi za Lanzhou, na ndani kutakuwa na familia ambayo huenda haikutoka Lanzhou kabisa. Wengi wa wenye maduka haya kusini mwa China ni Waislamu wa Hualong, wilaya ya mlimani katika jimbo la Qinghai. Kijana anasimama nyuma ya kioo, anachukua donge la unga, analivuta kwa urefu wa mikono, analikunja, analivuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili, na baada ya mikunjo minane umeshika tambi 256. Zinaingia kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye mchuzi mweupe wa mifupa ya ng'ombe, na juu yake vipande vya figili, majani ya giligilani na kijiko cha mafuta ya pilipili. Ukutani kuna picha za kila sahani, kwa hiyo usiyejua lugha unanyoosha kidole. Nyama huwa imekatwa nyembamba hadi unaweza kusoma gazeti ukiiangalia kwenye mwanga, lakini mchuzi unastahili bei yake na zaidi.

Huangsha, kituo kimoja magharibi mwa Changshou Lu, nakutajia kwa haraka. Ndipo pa kushukia kwenda Shamian, kisiwa kidogo walichopewa Waingereza na Wafaransa katika karne ya 19, chenye miti mikubwa na majumba ya nguzo nyeupe ambamo sasa maharusi hupigiwa picha. Migahawa yake ni ya bei ya mandhari. Ya kukumbukwa ni Hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa mwaka 1983 kwa ubia na tajiri wa Hong Kong, Henry Fok, ambaye alisisitiza milango iachwe wazi kwa mwananchi yeyote wakati ambapo hoteli kubwa za China zilikuwa za wageni na vigogo. Watu wa Guangzhou walimiminika kutazama maporomoko ya maji ndani ya jengo. Waliokuwa watoto siku hizo wanarudi leo na wajukuu kunywa chai ukumbini.

Na Xiaobei? Haiko kwenye njia yetu lakini siwezi kuiruka, kwa sababu ndiko mfuata mzigo anakokula na kuna sababu ya kula kwake huko. Tangu miaka ya 1990 mwishoni, eneo linalozunguka jengo la Tianxiu limekuwa na Waafrika, Waarabu na Waturuki, na migahawa ikafuata: kuku wa kuchoma, wali wa Kiyemeni, fufu, ugali kwa anayejua mlango. Baadhi ya majiko hayo hayana kibao. Yako juu ghorofani, kwenye nyumba za kupanga, na unayafikia kwa kupigiwa simu na mwenzako. Adams Bodomo, mwanaisimu wa Ghana aliyechapisha kitabu juu ya Waafrika waishio China mwaka 2012, ameandika mengi kuhusu jamii hii ya Guangzhou.

Aprili 2020, wakati wa korona, wengi wao walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizopanga, wakalala nje, na migahawa ikawakatalia mlangoni. Tawi moja la kampuni kubwa ya kigeni lilibandika tangazo la kuwazuia watu weusi. Kampuni ikaomba radhi na kulifunga kwa muda. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje wakilalamika. Mwezi huohuo maofisa wa mji walisema Waafrika waliokuwa wamebaki Guangzhou ni 4,553. Baadhi ya majiko ya ghorofani hayakufunguliwa tena. Kwa hiyo mtu anayekwenda Guangzhou leo na kula Xiaobei tu huenda hakosi udadisi. Anakula mahali anapojua kwamba kiti chake hakina mjadala. Ninaposema apande namba 1, nasema nikijua hilo. Nasema pia kwamba katika nyumba za chai za Xiguan mhudumu aliyeshika birika ana meza nyingi za kuhudumia na hana muda wa kukukodolea macho. Wa kukukodolea ni mtoto wa meza ya pili, na bibi yake atamgeuza kichwa.

Baada ya saa nne asubuhi, endelea hadi Dongshankou, vituo sita kutoka Changshou Lu. Huu ni mtaa wa majumba ya matofali mekundu, mengi yakiwa yamejengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wachina waliorudi na fedha kutoka ng'ambo. Mwezi Juni 1923 Chama cha Kikomunisti kilifanya mkutano wake mkuu wa tatu papa hapa, Xinhepu, kikaamua kushirikiana na chama cha Kuomintang. Leo vijana wanapanga foleni hatua chache kutoka kwenye jumba la makumbusho ya mkutano huo, wakisubiri kahawa na kupigana picha kwenye matofali.

Kahawa China ni ya juzi. Starbucks ilifungua duka lake la kwanza Beijing mwaka 1999. Aliyeifanya kinywaji cha kila mtu ni Luckin, iliyoanzishwa 2017 kwa maduka madogo yasiyo na viti vya maana: unaagiza kwa simu, unachukua, unaondoka. Mwaka 2020 ilibainika imebuni mauzo ya mamilioni kwa mamilioni ya yuani, ikaondolewa kwenye soko la hisa la Nasdaq, na kila mtu akasubiri mazishi. Haikufa. Ilileta latte ya tui la nazi, ikaiuza kwa bei ya punguzo, ikashusha kikombe hadi yuani 9.9, na mwaka 2023 ilivuka maduka 10,000 na kuipita Starbucks kwa mauzo China. Septemba mwaka huo iliuza latte iliyochanganywa na pombe kali ya Moutai, vikombe milioni 5.42 kwa siku ya kwanza. Jambo la kuangalia kwa msomaji asiyetumia kilevi, maana kwenye simu picha zote hufanana.

Dongshankou ni kinyume cha Luckin. Hapa unalipia kiti. Kikombe kimoja cha kuchujwa kwa mkono kinaweza kufika yuani 40, na yuani moja ni kama shilingi 18 za Kenya, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuketi. Menyu ni msimbo wa QR uliobandikwa mezani, na malipo ni kwa Alipay au WeChat. Tangu 2023 kadi za benki za kigeni zinaunganishwa kwa urahisi zaidi, nawe fanya hivyo kabla ya kupanda ndege. Kwa maoni yangu nyingi ya kahawa hizi ni mapambo. Vikombe vya udongo, kuta ambazo hazikupigwa plasta kwa makusudi, keki moja katikati ya sahani kubwa. Lakini wapika kahawa wake wengi wanajua kazi, na wanazo buni za Yunnan, za Ethiopia, na mara kwa mara mfuko ulioandikwa Kenya AA.

Agiza hiyo. AA ni daraja la ukubwa wa punje, lile la juu katika mnada wa Nairobi, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo huenda nje bila kupita kwenye kikombe cha Mkenya, ambaye nyumbani kwake anachemsha chai ya maziwa. Mpika kahawa atapima gramu, atasaga mbele yako, atamwaga maji kwa mzunguko mwembamba, na kikombe kitakuja na kikaratasi kinachoeleza kwamba utasikia ukali wa zabibu nyeusi na utamu wa nyanya mbivu. Ukionja vizuri utausikia. Usiseme tu kwamba unatoka upande huo wa dunia kama huna muda: ataacha kila kitu akuulize kuhusu Nyeri na Kirinyaga, mvua za mwaka huu, na kama ni kweli mitambo ya kumenyea buni hutumia maji ya mto, na kabla hujamaliza kikombe itakuwa dhahiri kwamba Nyeri anaijua kuliko wewe.